Besi Katika Ghala la Pamba

Kasmiri alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto mwanzoni mwa mvua za mwaka 1955, katika shamba lake mwenyewe, nje kidogo ya Bariadi. Dume la ng'ombe ambalo lilikuwa halijazoea nira lilishtuka, mnyororo wa plau ukakaza ghafla, na kidole cha kati na cha pete vilikuwa kati ya mnyororo na chuma. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Dume lilikuwa lake, mnyororo ulikuwa wake, na ni yeye aliyeamua kulifunga siku ile badala ya kusubiri lizoee. Mganga wa zahanati ya misheni alisafisha kidonda vizuri na hakikuoza. Kasmiri alilichukua hilo kuwa jambo la kwanza la kushukuru, akaanza kuhesabu kuanzia hapo.

La pili lilikuja baada ya wiki chache. Vijana wa kijiji walifika na majembe alfajiri, wakiongozwa na nsumba ntale, kiongozi ambaye vijana wa Kisukuma humchagua wenyewe kwa kazi za pamoja. Walilima shamba lote la pamba, na baadaye wakarudi kupalilia. Kwa desturi kundi kama hilo hupewa mbuzi. Ernestina, mke wa Kasmiri, alipomtoa mbuzi zizini, nsumba ntale alimshika pembe akamrudisha ndani.

"Mayu, huyu bado mdogo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mbuzi yule alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili.

La tatu lilikuwa la shukrani pia, lakini lilimsumbua. Kabla ya ajali Kasmiri alikuwa mpiga gitaa la kwanza katika kikundi cha watu watatu. Novatus, mwalimu wa shule ya misheni, alipiga gitaa la pili, na Shigela, fundi wa baiskeli, alipiga ngoma. Walipiga arusini, na pamba ikishauzwa walipiga sokoni. Baada ya ajali Novatus alihamia gitaa la kwanza, na wenzake hao wawili hawakuacha kumwita Kasmiri mazoezini hata mara moja. Walimpa chupa ya soda na msumari agonge mwendo. Chupa ikigongwa kwa msumari hulia vizuri, lakini mtu yeyote anaweza kuigonga. Kasmiri alilijua hilo, na alijua kwamba nao wanalijua.

Msimu wa mavuno ulipofika, pamba ilipoanza kupasuka, Novatus alisema kwamba muziki wao una kasoro. Sauti zote zilikuwa juu. Chini hapakuwa na kitu. Palihitajika besi.

"Besi ina nyuzi nne, nene," alimwambia Kasmiri. "Haihitaji vidole vingi kama gitaa. Tutakutafutia moja ambayo wewe..."

"Ngoja, Mwalimu," Kasmiri alimkatiza. "Msinichagulie mimi. Chagueni ala. Yenye sauti bora kati ya zile tunazoweza kuzilipia, hiyo ndiyo inunuliwe. Nikiiweza nitaipiga. Nisipoiweza, aipige anayeiweza, na mimi nitakaa nyumbani."

"Anayeiweza ni nani?" Shigela aliuliza.

"Binamu yako Zengo. Kila siku anatuomba tumwingize."

Zengo alikuwa fundi cherehani. Gitaa alilijua vizuri na mikono yake ilikuwa kamili.

"Zengo akiingia, angalau suruali zetu zitanyooka," Shigela alisema.

Kasmiri alicheka. Novatus hakucheka. Aliona sharti lile ni la haki, na aliona pia kwamba linaweza kumtoa mtu yule yule aliyelitoa. Alilikubali kwa sababu ya kwanza.

Ala zilizopatikana zilikuwa tatu. Ya kwanza aliitengeneza Shigela kwa sanduku tupu la chai, mpini wa jembe na waya wa breki ya baiskeli. Mpigaji huuvuta mpini ili waya ukaze na sauti ipande, akiulegeza sauti hushuka. Haikugharimu chochote, na mtu mwenye mkono mmoja angeweza kuipiga. Kasoro yake ilionekana siku ya kwanza: noti ile ile haikupatikana mara mbili mahali pale pale.

"Hili sanduku linaimba au linalalamika?" Novatus aliuliza.

"Linatafuta, Mwalimu. Lipe muda."

Ya pili ilikuwa gitaa lenye tumbo pana, lililokaa muda mrefu katika duka moja mjini Maswa. Mteja wa zamani alilifungisha nyuzi nne nene badala ya sita, kisha hakurudi kulichukua. Mwenye duka alikubali Novatus aende nalo kulijaribu, akabaki na baiskeli yake mpaka jibu litakapopatikana.

Ya tatu ilikuwa besi hasa, ile ya kusimama, ndefu kuliko mtu. Ilikuwa ya Maganga, mzee aliyepiga katika bendi ya jeshi wakati wa vita na ambaye sasa alikuwa na mkahawa mdogo wa chai karibu na stesheni ya Malampaka. Aliinunua kwa bendi moja ya Mwanza iliyovunjika. Mgongo wa besi ulikuwa na ufa, naye alikuwa ameuziba kwa gundi na ukanda wa ngozi ya mbuzi. Bila ufa ule watu wa Bariadi wasingethubutu hata kuuliza bei. Pamoja na ufa, bei yake ilikaribiana na ya gitaa, na fedha za kikundi zilitosha kununua moja kati ya hizo mbili.

Maganga aliileta mwenyewe mwezi wa Julai, kwa lori lililokuja kuchukua pamba Bariadi. Lingepakia na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo uamuzi ulipaswa kutolewa kabla halijaondoka. Besi ilisafiri imelazwa juu ya magunia matupu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Mwangaluka, baba," Kasmiri alimsalimu.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa vidole? Lete mkono."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia vile. Wengi waliuangalia mkono ule akiwa ameangalia pembeni. Kasmiri aliunyoosha, na mzee akaugeuzageuza kama mtu anayenunua kiazi.

"Shahada kipo. Kidogo kipo. Gumba lipo. Kwenye besi hii cha pete hakina kazi yake. Kinakisaidia tu kile kidogo kubonyeza, basi. Itabidi kidole chako kidogo kipate nguvu. Cha kati kitakukosesha raha, hapo sikudanganyi. Mwenzako atakaponyoosha kidole, wewe utahamisha mkono mzima."

"Inawezekana?"

"Inachosha. Kuwezekana inawezekana."

Walifanyia majaribio ndani ya ghala la kituo cha kununulia pamba. Nje kulikuwa na upepo wa Julai na vumbi lake, na foleni ya wakulima iliyosubiri mizani ilikuwa na kelele za kutosha. Karani wa kituo aliwafungulia mlango bila masharti, ila wasivute sigara. Ghala lilikuwa la mabati, sakafu yake ya mbao imeinuliwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visiifikie pamba. Lori lilikuwa limechelewa siku nyingi, na pamba ilikuwa imefika darini pande zote tatu. Magunia yaliyojaa yalifunika hata sakafu, ikabaki nafasi ya watu wachache karibu na katikati. Wazo lilikuwa la Novatus. Alisema ghalani ndiko mahali penye utulivu kuliko pengine pote Bariadi, na alisema kweli.

Alipanga jaribio kwa uangalifu. Kila ala ilipigwa wimbo ule ule wa arusi, mahali pale pale, na mtu aliyeimudu zaidi: sanduku Shigela, gitaa Zengo, besi ya kusimama Maganga mwenyewe. Novatus aliketi juu ya gunia akiwa amewapa mgongo, asije akasikiliza kwa macho.

Sanduku lilitafuta, halikupata. Gitaa lilisikika wazi, kila noti peke yake. Besi ya kusimama ilitoa sauti fupi, iliyofifia kabla haijamfikia mtu, kama mzee anayezungumza akiwa amejifunika shuka. Maganga aliipiga tena kwa nguvu zaidi, na matokeo yalikuwa yale yale.

"Jana nyumbani ililia mpaka kuku wakatoka uvunguni," alisema, akiitazama.

"Labda imechoka na safari," Shigela alisema.

Novatus aligeuka. "Gitaa," alisema. Kisha akaongeza, "Kasmiri, lijaribu."

Kasmiri alilijaribu. Nyuzi za gitaa lile zilikaribiana, na kila alipobonyeza uzi kwa kidole kidogo, vigutu vya vidole viwili viliangukia nyuzi za jirani na kuzinyamazisha. Aligeuza kifundo cha mkono, akajaribu tena. Alijaribu kulishika kwa chini, kisha kwa juu. Ernestina alikuwa amesimama mlangoni. Pamba yao ilikuwa kwenye foleni na alikuja kumwambia mumewe kwamba zamu inakaribia. Alitazama mkono ule, akarudi nje.

"Siliwezi," Kasmiri alisema, akamkabidhi Zengo gitaa. "Sauti yake ni nzuri. Lichukueni."

"Kaka, mimi nina cherehani yangu," Zengo alisema. "Sina haraka ya kuingia popote."

"Hapa hakuna suala la haraka, Zengo. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana wewe ukiwa na kiburi," Shigela alisema.

"Nilikuwa na akili. Mmenilimia shamba, mmenipa chupa ya kugonga. Mkininunulia na ala mbovu ili nikae karibu yenu, nitawashukuru vipi siku zote? Acha iwe hivi."

Shigela alimwangalia Novatus, akitaka aseme neno. Novatus alitikisa kichwa. Alikuwa amesikia alichosikia.

Wapakiaji waliingia kuanza kazi. Novatus na Zengo walitoka kulifunga gitaa kwenye blanketi, Shigela akawafuata. Kasmiri alibaki, akamwomba Maganga amruhusu kuishika besi mpaka lori lijae, kwa vile hakuwahi kuishika ala ya namna ile na huenda asiishike tena.

"Ishike. Haiishi kwa kushikwa," mzee alisema. Alimwonyesha mahali pa kuweka gumba nyuma ya shingo, na noti tatu: ya nyumbani, ya safari, na ya kurudi. Ndivyo alivyoziita. Kisha alikaa juu ya gunia akafumba macho, maana alikuwa amesafiri tangu usiku.

Nyuzi zilikuwa mbali mbali na vigutu havikugusa kitu. Kidole kidogo kiliuma. Kasmiri alipiga noti tatu zile polepole, kwa mpangilio mmoja, wapakiaji wakimpita na magunia mabegani. Hakuwa akisikiliza, alikuwa akiangalia mkono. Walitoa magunia ya sakafuni kwanza, kisha wakaanza kuubomoa ukuta wa pamba upande wa mashariki. Wakati fulani alihisi kitu nyayoni mwake, kama lori limewashwa. Aliacha kupiga, mtetemo ukakoma. Akapiga tena, ukarudi. Wapakiaji wawili waliokuwa wamebeba gunia moja walikuwa wameanza kukanyaga kwa pamoja, kila hatua kwenye noti.

"Endelea, bwana," mmoja alisema. "Gunia linakuwa jepesi."

Maganga alifumbua macho.

Shigela aliingia mbio. "Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu."

"Inasikika mpaka kwenye mizani! Mwalimu! Njoo huku!"

Novatus aliingia, akasimama katikati ya ghala. Upande wa mashariki mabati yalikuwa wazi, na sakafu ya mbao ilionekana kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Aliuendea ukuta akaugonga kwa kiganja. Aliurudia upande wenye pamba akagonga gunia. Mwaka hadi mwaka alikuwa akifundisha somo la sauti, kwamba kitu kigumu huirudisha na kitu laini huimeza, na mfano aliokuwa akiwapa wanafunzi ulikuwa blanketi.

"Tumepima besi ndani ya godoro," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu, na uso wake ulionyesha furaha ambayo wenzake hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Aliwaeleza kwamba pamba ilimeza sauti zote, lakini gitaa lilibakiwa na ule mlio wa kidole kwenye uzi, ambao hufika sikioni moja kwa moja. Besi ilikuwa imesimama juu ya mbao zilizobanwa na magunia. Sasa mbao zimeachiliwa na zinalia pamoja nayo.

"Basi jibu tunalo," Shigela alisema. "Lete fedha."

"Hatuna jibu. Lile ghala lililojaa lilidanganya upande mmoja, na hili tupu linadanganya upande wa pili. Arusi hazifanyiki ghalani. Tukapige nje, kwenye udongo."

"Mwalimu, wewe ukifa utapima kaburi."

"Lazima lipimwe. Twende nje."

Nje Shigela ndiye aliyependekeza namna. Wote walikuwa Wasukuma na wote walijua jinsi ngoma za baada ya mavuno zinavyoshindaniwa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, na hakuna mwamuzi anayeketi kitini. Watazamaji huhama. Upande uliobaki na watu ndio ulioshinda, na ulioachwa hurudi nyumbani ukitafuta dawa ya kuvuta watazamaji. Shigela alikuwa wa Bagika na Kasmiri wa Bagalu, na kwa miaka yote ya urafiki wao hawakuwahi kuliacha jambo hilo lipite bila matusi.

"Zengo akae kwenye mizani na gitaa. Wewe Mgalu kaa kwenye lori na kabati lako," Shigela alisema. "Foleni ndiyo itakayoamua."

Novatus alilifikiria. Kasoro moja tu ilimjia: watu wangeweza kumhamia Kasmiri kwa huruma. Aliipitia foleni kwa macho. Sehemu kubwa walikuwa wametoka upande wa Zagayu, kwa kuwa kituo cha kwao kilikuwa kimejaa. Hawakumjua Kasmiri, na kutoka mahali walipokaa hawakuweza kuona vidole.

"Sawa," alisema. "Na wewe Shigela usipige ngoma upande wowote. Na usiite watu."

"Hata kupiga mluzi?"

"Hata mluzi."

Walianza kwa pamoja. Mwanzoni ilikuwa wazi nani ni fundi. Zengo alikuwa na vidole vyepesi, aliuzungusha wimbo ule wa arusi akaupamba, na walio mbele ya foleni walimgeukia mara moja. Wengine waliinuka kutoka kwenye magunia yao wakamsogelea. Upande wa lori palikuwa na Kasmiri na noti tatu, na mbuzi mmoja.

Ernestina alikuwa amesimama kando ya pamba yake. Alihesabu waliomwendea Zengo, akaacha kuhesabu. Yeye mwenyewe hakusogea. Alikuwa amesikia sharti la Mwalimu, na mke wa mpigaji si mtazamaji.

Upepo ulikuwa ukivuma. Gitaa lilisikika vizuri kwa waliokuwa karibu nalo. Waliokuwa nyuma yao waliona vidole vinavyokimbia na kusikia vipande vipande. Lakini noti za besi hazikuhitaji kuonekana. Zilifika nyuma ya foleni, kwenye mikokoteni, ambako watu hawakujua hata kwamba kuna shindano.

"Ni nini kile?" mwanamume mmoja aliuliza kutoka juu ya mkokoteni.

"Kabati."

"Kabati linaimba?"

"Nenda ukalifungue uone."

Alikwenda. Mama mmoja mwenye kapu la pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, alimfuata, mabega yake yakiwa yameanza kucheza kabla miguu haijaamua. Walifuata wengine wa mikokoteni, kisha wale wa katikati ya foleni, ambao gitaa lilikuwa limewafikia nusu nusu. Kasmiri hakuinua kichwa. Alikuwa akihamisha mkono mzima mahali ambapo mwingine angenyoosha kidole, na alihitaji macho kwa kazi hiyo. Alijua tu kwamba kivuli kimeongezeka miguuni pake.

"Foleni!" karani alipiga kelele. "Wa Zagayu! Nani anayefuata?"

Hakuna aliyetaka kuwa anayefuata. Karani aliangalia mizani, akaangalia lori, akavua kofia akatembea kuelekea kwenye lori.

Kwenye mizani palibaki Zengo na watu wachache wa heshima, wale ambao huona aibu kumwacha mtu peke yake. Zengo alipiga mpaka mwisho wa ubeti, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Kisha alililaza gitaa juu ya gunia na kuvuka uwanja. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuhama.

"Nimejishinda mwenyewe," alimwambia Shigela. "Nishone nini sasa?"

"Lishonee kabati nguo. Litaona baridi."

Novatus alikuwa amezunguka uwanja mzima wakati wote huo. Alisikiliza kutoka kwenye mikokoteni, kutoka nyuma ya ghala, na kutoka barabarani ambako gitaa halikufika kabisa. Alirudi akamwambia Maganga kwamba kikundi kinachukua besi, ufa na yote. Mzee hakupandisha bei, ingawa watu wengi walikuwa wamesikia na angeweza. Alisema tu kwamba hatarudi na lori. Atalala Bariadi na kupanda la keshokutwa, kwa sababu mtu hawezi kuachwa na noti tatu.

"Mzee, sina cha kukupa kwa hilo," Kasmiri alisema.

"Una ugali?"

"Upo."

"Basi."

Lori liliondoka. Karani alifanikiwa kuirudisha foleni, ikiwa imechanganyika kabisa, na watu wa Zagayu waligombana kwa furaha kuhusu nani alikuwa mbele ya nani. Pamba ya Kasmiri ilipimwa. Ernestina alikunja magunia matupu, akaja mahali wanaume walipokuwa wamekaa kivulini mwa ghala, akapiga magoti kidogo mbele yao kama ilivyo heshima.

"Mwabeja," alisema. Ni neno la shukrani la Kisukuma, na alilisema kwa wote, pamoja na Zengo. Aliinuka akaenda kupika.

Kasmiri aliona kwamba zamu yake imefika. Alikuwa na mengi ya kusema, ya tangu mvua za mwaka uliopita: shamba, palizi, mbuzi aliyerudishwa, chupa. Alisafisha koo.

"Jamani, mimi nataka kuwaambia..."

"Kabla hujaanza," Novatus alisema. "Noti ya tatu, ile ya kurudi. Sauti ilikuwa chini."

"Chini?"

"Si sana. Lakini kila mara. Kidole kidogo hakifiki, unabonyeza kabla ya mahali pake. Nilisikia tangu kwenye mikokoteni."

"Na umekimbiza mwendo," Shigela alisema. "Watu walipoanza kujaa ukaona uwakimbize. Bagalu wote ndivyo mlivyo."

"Sikukimbiza."

"Ulikimbiza. Muulize Zengo."

"Ulikimbiza kidogo, kaka," Zengo alisema.

Tangu ajali ile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia kwamba amekosea. Chupa aliyoigonga vibaya waliisifu. Akichelewa walimsubiri, akisahau wimbo walianza upya bila neno, na alikuwa amewashukuru kwa kila mara, na kila shukrani ilimpeleka hatua moja mbali nao. Sasa walikuwa wamekaa mbele yake watatu, wakimwangalia kama walivyokuwa wakimwangalia alipokuwa na vidole vyote: kwa ukali, wakisubiri arekebishe.

Maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yalimtoka kichwani, wala hakuyatafuta. Alisimama, akaitoa besi ukutani ilikoegemezwa, akaiegemeza begani. Maganga alikisogeza kidole kidogo cha Kasmiri kuelekea tumbo la besi.

"Hapo," mzee alisema. "Hapo ndipo inapokaa."

"Hapa?"

"Sogeza zaidi. Hapo. Bonyeza mpaka iume."

Kasmiri alibonyeza.

"Bado chini," Novatus alisema.

"Nimesikia, Mwalimu," Kasmiri alisema, akicheka, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Nimesikia. Turudie."